Sufuria ni Sufuria

Jumatatu, 6 Machi 2006

Leo nimeamua kuwa mhakiki wa muziki. Uamuzi wenyewe ulichukua muda wa kunywa chai ya saa nne.

Mambo ni hivi. Redio Mlimani, kituo kipya hapa Kitale, chumba kimoja juu ya duka la mbegu, kinatafuta mtu wa kipindi cha Jumamosi asubuhi. Dakika kumi na tano. Mtayarishaji wao, Mary Ann, ametangaza kwamba anataka mtu wa kuchukua albamu za zamani zilizosifiwa sana na kuzisikiliza upya kwa sikio la leo. Je, bado zina utamu, au tulidanganywa?

Tulidanganywa! Nimejua hata kabla ya kusikiliza.

Waliojitokeza ni wawili tu, mimi na Mwalimu Mukhisa. Huyu ni mstaafu, mtu wa Bungoma aliyehamia huku, mwenye santuri zaidi ya mia mbili na sauti ya kufungulia mkutano. Yeye husifu kila kitu. Ukimchezea mlango unaolia kwa kukosa mafuta atasema ni kazi ya kihistoria.

Mary Ann ametupa albamu moja sote wawili: Siku ya Kura, ya Sirisia Jaribu Band, mwaka 1979. Watu husema ndiyo albamu kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka upande huu wa mlima. Vijana sita wa Sirisia, gita tatu, wakaimba juu ya haki ya mwananchi wakati watu walikuwa wananong'ona. Tangu ile kura ya maoni ya mwaka jana inapigwa kila mahali, mpaka kwa kinyozi. Mukhisa atazungumza dakika saba, mimi dakika saba, Jumamosi hii. Wiki itakayofuata Mary Ann atataja mshindi hewani.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya serikali, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kutafuta faili. Watu huja, huchukua faili, huiangalia faili, huishukuru faili. Nikiongea nyumbani, Nakhumicha mke wangu huanza kusugua masufuria. Sitaki pesa ya mtu. Nataka nifungue mdomo, Kitale nzima inyamaze inisikie. Mara moja tu kwa wiki, si kuomba mengi.

Mkakati: Mukhisa atasifu, mimi nitaponda.

Jumanne, 7 Machi

Nimeazima CD ya albamu na kuvaa hedifoni zangu mpya. Mukhisa anasikiliza santuri zenye vumbi kupitia spika yenye tundu. Mimi nasikia hata mpiga ngoma akimeza mate. Hiyo ndiyo tofauti kati ya msikilizaji wa zamani na wa kisasa.

Mzunguko wa kwanza: balaa. Albamu ni nzuri. Gita zinaongea, sauti ya mwanamke anayeitikia inakushika hapa kifuani. Sikuwa na la kuponda.

Mzunguko wa pili: hivyo hivyo.

Mzunguko wa tatu, nikasikia! Nikavua hedifoni, nikavaa tena. Kiitikio kinasema hivi: "Foleni tangu asubuhi, karatasi mkononi, siku ya kura imefika, usimpe mtu kura yako." Lakini waimbaji ni watu wa Sirisia. Mtu wa Sirisia akitaka kusema L mara nyingi hutoa R, na akitaka R hutoa L. Mke wangu ni wa huko, nina ushahidi wa miaka kumi na moja. Kwa hiyo si kura. Ni kula! Siku ya Kula!

Nikapitia nyimbo zote nane kwa kalamu. Wimbo wa pili unaitwa Sufuria Kubwa. Mukhisa amesema mara nyingi kwamba sufuria ni taifa na ukoko ni mwananchi wa kawaida. Upuuzi. Sufuria ni sufuria. Wimbo wa tano kuna kuni. Wimbo wa saba kuna moshi. Na ile karatasi mkononi? Ni tikiti ya hoteli! Unalipa, unapewa karatasi, unapanga foleni, unakula. Na "usimpe mtu kula yako" maana yake iko wazi kabisa.

Miaka ishirini na saba watu wanatoa machozi juu ya albamu ya walafi. Nimeipa alama tatu kwa kumi. Mbili za gita, moja ya mpangilio wa menyu.

Nakhumicha anasema hata mimi si msafi, ati nikikasirika huwa naomba "chakura". Si kweli. Mimi nilizaliwa na kusomea Saboti, wazazi wangu walitoka Nyeri, L yangu ni L.

Mama yangu ametuma kaseti kutoka Saboti. Ni kwaya ya kanisa aliyokuwa akiifundisha marehemu baba. Anaomba niihamishie kwenye CD kabla utepe haujakatika. Nimeiweka juu ya kabati. Kwaya inaweza kungoja.

Alhamisi, 9 Machi

Jana usiku Nakhumicha alisema jambo kama mtu anayeomba chumvi. Alisema kama nina shaka na maneno, si nikamuulize mama yake? Ndiye aliyeitikia kwenye albamu hiyo.

Mama mkwe wangu! Yule mwanamke anayekushika kifuani! Miaka kumi na moja ya ndoa na hakuna aliyeniambia. Nakhumicha anasema aliniambia mara mbili, mara ya kwanza siku ya uchumba wetu, nikamjibu kwamba hata mimi nilikuwa naimba shuleni. Sikumbuki.

Leo nimemwambia mkubwa wangu, Bwana Kiplagat, kwamba jino linauma, tukaenda Sirisia.

Shida moja. Kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Hawaingii chumba kimoja. Kumtazama usoni ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nje, nyuma ya jiko, mgongo umeelekea ukuta wa udongo, daftari magotini. Mama Nabwile alikuwa ndani akisonga ugali. Mahojiano ya kwanza ya taaluma yangu, nikiwa nazungumza na mgomba.

Nikamsalimu, nikauliza kwa heshima. Mama, lile neno kwenye wimbo ni kula ya chakula, au kura ya karatasi?

"Ni kura, bana," akajibu kupitia ukuta.

Nikauliza kura gani.

"Si hiyo kura ya kukura! Karatasi ndiyo inakuambia utakura rini."

Kukura! Yaani kukula! Karatasi inakuambia utakula lini! Tikiti ya hoteli! Niliandika kwa herufi kubwa na kupigia mistari mitatu.

Mama aliendelea kuongea, labda dakika ishirini. Mambo ya akina mama wa kijiji, nani alimfanyia nani nini, binti wa fulani aliolewa mwaka gani. Sikuandika. Nilikuwa natunga sentensi yangu ya kwanza ya redioni. Mara moja sauti yake ilibadilika kama mtu mwenye mafua, nikasema "pole sana, Mama," kisha nikaendelea na sentensi yangu.

Halafu Nakhumicha akaniletea kuku na ugali nje. Ushahidi zaidi wa mahali familia hii inaweka moyo wake.

Jumamosi, 11 Machi

USHINDI!

Mukhisa alianza. Taifa, sufuria, ukoko, ujasiri. Alifunga macho. Mary Ann aliangalia saa mara mbili, nilihesabu.

Kisha mimi. Nikasema: wasikilizaji, toeni nta masikioni. Nikaeleza L na R. Nikaeleza tikiti ya hoteli. Nikasema sufuria ni sufuria. Mary Ann akacheka mpaka akafunika kipaza sauti. Hapo nikapanda juu zaidi. Nikasema nimefanya utafiti mpaka jikoni kwa mwimbaji mwenyewe, na amekiri. Nikasema kwamba yule mwanamke anayelia kwenye kiitikio, ambaye taifa limemlilia miaka ishirini na saba, analia kwa sababu mtu anakodolea macho paja lake la kuku.

Simu zililia! Watu kumi na wanne! Mmoja alitukana, kumi na watatu walicheka. Mwenye duka la mbegu alipanda ngazi kunishika mkono. Nimetembea kutoka kituoni mpaka nyumbani nikisalimiwa kwa jina. "Niaje, Thuo wa kura!" Miaka tisa nimepita njia hiyo.

Mukhisa alinisubiri chini ya ngazi. Hakukasirika. Aliuliza tu kama mama huyo alisema maneno hayo hasa. Nikamwambia utafiti wangu ni wangu. Wivu ni kitu kibaya.

Nakhumicha hakuwa nyumbani. Kuna ugali wa jana.

Jumapili, 12 Machi

Nakhumicha amekwenda kwao Sirisia na mwanetu Tonny. Ameacha barua juu ya redio. "Baba Tonny, Mama alikuwa amewaita majirani wamsikilize mkwe wake. Walikaa kwenye viti vya kanisa. Usinifuate."

Nimeisoma mara nne. Naona tatizo ni mapokezi. Redio kijijini haishiki vizuri, huenda hawakusikia hoja yote.

Jumanne, 14 Machi

Bwana Kiplagat ameniita. Aliniambia jino langu linaongea vizuri sana hewani. Nimehamishiwa stoo ya mafaili ya kabla ya 1970. Hakuna dirisha.

Nimempigia Nakhumicha kutoka kibanda cha simu. Alipokea, akasikiliza maelezo yangu yote kuhusu mapokezi ya redio, kisha akasema nilimfanya mama yake mlafi mbele ya mikoa miwili na makanisa matatu. Nikamsahihisha kwamba redio inafika wilaya mbili tu. Akakata.

Ijumaa, 17 Machi

Chakula: mkate. Nyumba ina kelele za jirani tu. Sikujua kwamba hata ule usuguaji wa masufuria ulikuwa unanisaidia kufikiri.

Mary Ann amepiga simu ofisini. Kesho saa nne niwe kituoni. Atataja mshindi hewani na kiti changu kitakuwa tayari. Aliongeza kwamba kutakuwa na mgeni. Bila shaka mtu wa magazeti.

Jumamosi, 18 Machi

Naandika hii polepole.

Nilipanda ngazi saa nne kasoro dakika tano, shati jeupe, hotuba mfukoni. Studio ni chumba kimoja chenye mlango na kioo kikubwa upande wa korido. Nilichungulia. Mary Ann alikuwepo. Mukhisa alikuwepo. Nakhumicha alikuwa pembeni amekaa wima. Na mbele ya kipaza sauti, kwenye gauni la kanisa, mama mkwe wangu.

Niligeuka haraka mpaka nikagonga kichwa kwenye kizima moto. Nikasimama hapo mgongo kwa kioo. Kwenye korido kuna spika, kwa hiyo nilisikia yote. Sikuwa na pa kwenda wala cha kutunga.

Mukhisa alisema Jumatano alikwenda Sirisia kuomba radhi kwa niaba ya kipindi. Alimuuliza Mama Nabwile swali moja, ilikuwaje, kisha akasikiliza saa nzima. Halafu mama akasimulia tena hewani.

Walikuwa wanawake kumi na wawili. Kila mwezi walichanga, wakanunua sufuria moja kubwa, ile ya kupikia harusi na matanga, inayompa mwanamke jina kijijini. Nani aanze? Walikata vikaratasi, wakaandika namba, wakapanga foleni asubuhi na kuchota. Walipiga kura. Na aliyefikiwa na zamu yake, wenzake husema fulani amekula. Hiyo ndiyo kura ya kula. Mama Nabwile aliokota namba mbili. Rafiki yake Nakhungu alikuwa anaoza binti, akamlilia wabadilishane. Akampa, akachukua tisa. Iliponunuliwa sufuria ya nane, chama kikavunjika.

"Sikukura," alisema mama. "Niriosha masufuria ya wenzangu kwa kira harusi mpaka reo. Ndiyo nikatunga. Usimpe mtu kura yako."

Alitunga yeye. Nyimbo zote nane! Wale vijana sita walimsikia akiimba shambani, wakampeleka kuitikia, na kwenye jalada hakuna jina lake. Mukhisa akasema hewani kwamba amekosea miaka ishirini na saba kuhusu taifa na ukoko, na anaona haya. Mtu mzima kujidhalilisha namna hiyo!

Lakini niliona aibu. Mambo hayo yote aliniambia siku ile, kupitia ukuta. Yale mafua hayakuwa mafua.

Mary Ann akagonga kioo. Akasema hewani kwamba Hiram Thuo yuko mlangoni, aingie ajibu, kiti chake kiko hapa. Nikageuza shingo kidogo. Kiti kilikuwa hatua nne kutoka kwangu, kipaza sauti kimeelekea kwangu, Kitale na Bungoma zote zimenyamaza. Nimengoja miaka tisa.

Na nisingeweza kuingia. Mama mkwe yuko ndani!

Nikaita kupitia mlango, mgongo kwa mlango, "Pole, Mama! Samahani sana, Mama!" Taa nyekundu ya hewani ilikuwa inawaka. Mlinzi akaniambia ninyamaze. Mary Ann akawaambia wasikilizaji kwamba Bwana Thuo amekataa kuingia, amewapa mgongo. Halafu akatangaza kwamba kipindi kitakuwa cha Mwalimu Mukhisa pamoja na Mama Nabwile.

Nakhumicha alitoka. Alinikuta bado nimeegemea kizima moto. Alisema nimefanya jambo moja la heshima katika wiki mbili, nalo limeonekana kama ufidhuli. Aliniuliza sasa nitafanya nini. Nikamwambia nanunua sufuria. Akasema ile kubwa kabisa, yenye masikio mawili.

Hata hivyo kwa rekodi: kuhusu sufuria kuwa sufuria, nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jumapili, 19 Machi

Nimepeleka sufuria Sirisia. Watoto kumi wanaweza kuoga ndani yake. Nikaiweka nje ya jiko, nikakaa kwenye kigoda, mgongo kwa ukuta. Nikasema pole yangu yote bila kuisoma mahali. Nilisikia Mama akitoka kwa mlango wa pili, akiigonga sufuria kwa kidole, akiisikiliza. Akarudi ndani.

"Haya, mkwe wangu," akasema kupitia ukuta. "Reo hata mimi nimekura."

Nikamnong'oneza Nakhumicha basi asihangaike kupika, mama ameshashiba. Nakhumicha aliniangalia, akaangalia mgomba, akaingia ndani kwa mama yake. Niliwasikia wakicheka kwa muda mrefu. Nimefurahi amani imerudi. Tumerejea Kitale sote watatu alasiri, na sasa masufuria yanasuguliwa kama kawaida.

Nikakumbuka kaseti ya Mama yangu. Nimeiteremsha kutoka kabatini. Juu ameandika kwa mkono wake mwenyewe: NGUVU YA SARA. Ni albamu inayosifiwa Saboti nzima tangu 1983, lakini sijui kama kuna mtu amewahi kuisikiliza kwa makini. Nimevaa hedifoni.

Mzunguko wa kwanza: kwaya nzuri, baba ndiye anaongoza. Mzunguko wa pili: nimekaa chini. Anaimba peke yake, ubeti wa tatu, wazi kabisa: "Asubuhi kabla ya chai naenda kwa Sara, jioni nikichoka narudi kwa Sara, Sara hajawahi kuniacha."

Nakumbuka vizuri sana. Baba alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi kabla ya chai! Alikuwa akisema anakwenda kanisani kuomba. Na mama, maskini, aliitikia sauti ya pili na kuandika jina la mwanamke huyo kwenye kaseti kwa mkono wake.

Nakhumicha amepita, akauliza nasikiliza nini. Nikamwambia hili ni jambo la familia yetu. Akaondoka. Safari hii hakuna mgomba wala ukuta. Ni mama yangu mzazi, nitamuuliza uso kwa uso Sara ni nani na anaishi wapi. Kwaya yao hufanya mazoezi Alhamisi, watakuwepo wote, wapo wanaomjua.

Jumatano jioni jino litaanza kuuma.